Video ya Lori la Hajji

Vijana wa gereji, mliniomba niwaandikie namna ya kupiga video ya ukaguzi wa gari, kwa kuwa mnasema zangu zilikuwa hazitetemeki. Huu ni mwezi wa tatu tangu nistaafu. Magoti yamekataa kabisa kushuka kwenye shimo la kukagulia magari, na mchana umekuwa mrefu kuliko nilivyoudhania nilipokuwa kazini. Basi nitaandika. Ila nawaonya mapema kwamba mkono usiotetemeka si jambo la kujivunia sana, na sababu yake itabidi mnivumilie, maana siwezi kuieleza bila kuanzia mbali.

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kanisani. Mama alisema kazini ni mahali pa heshima, nami nikamwamini. Ilikuwa karakana ya mgodini, juu ya mji wa Kasese, wakati mgodi wenyewe umeshafungwa na karakana imebaki kutengeneza gari la yeyote aliyepita. Kufika saa nne viatu vilikuwa vimelowa oili hadi kwenye soksi. Mafundi walicheka, isipokuwa mmoja, mzee mfupi aitwaye Kule, ambaye aliniletea gumbuti za marehemu fulani na kuniambia nisiulize alikufaje.

Mzee Kule alikuwa na kidole kimoja pungufu, na kila mwaka alitupa sababu mpya ya kukipoteza. Ndiye aliyenifundisha ukaguzi. Kifaa chake kikubwa kilikuwa nyundo ndogo ya nusu kilo, mpini wake umelainika kwa jasho. Ngoma ya breki iliyo nzima, ukiigonga kwa nyundo ile, inalia kama kengele. Iliyopasuka inatoa sauti butu, kama umegonga sufuria iliyojaa posho, ule ugali wetu. Miezi sita ya kwanza sikufanya kazi nyingine ila kugonga na kusikiliza, naye akiwa amenipa mgongo ili aone kama nitajua bila yeye kunitazama. Nilipokosea alikohoa tu.

Alikuwa pia na utaratibu wa kuzungumza na mwenye gari. Kwetu huwezi kuingia nyumbani kwa mtu na habari mbaya ikiwa mdomoni. Unasalimia, unakaa, unauliza watoto, mbuzi, kahawa imechanua vipi, ndipo unasema kilichokuleta. Mzee Kule alikagua magari hivyo hivyo. Alianza na uzima. Injini yako imetunzwa, springi zako bado zina nguvu, rangi inang'aa. Alisema mwenye gari ukimwanzia na ubovu anaziba masikio, anawasha gari na kulipeleka kwa makanika wa kando ya barabara atakayemwambia maneno matamu. Nilishika somo hilo vizuri kuliko masomo yote.

Lakini kulikuwa na nusu ya pili ya somo ambayo niliiona kila siku na sikuijua kuwa ni somo. Wakati wote akisifu, Mzee Kule alikuwa ameushika mkono wa mwenye gari. Hakuuachia tangu salamu hadi ubovu wa mwisho. Na mtu akibisha, alifungua gurudumu moja na kulikalia. Niliwahi kumwona akilikalia gurudumu la lori la chumvi la Kabatoro tangu asubuhi, anakula mhogo wake hapo hapo, hadi mwenye lori akaenda mwenyewe mjini kununua ngoma mpya. Huyo mwenye lori alimtukana kwa lugha tatu.

Mzee Kule alipofariki nilihamia hii gereji yenu, iliyo kwenye barabara ya kwenda Bwera. Miaka mingi ilipita, ambayo siwasimulii kwa sababu ilikuwa ya grisi tu. Kisha mwenye gereji akazeeka na binti yake, Jovia, akachukua usukani. Ilikuwa baada ya mwaka 2010, wakati simu za kupangusa kwa kidole zilipoanza kuonekana hata kwa wauza nyanya. Wateja wetu wengi hawakuwa wanakuja na magari yao. Walikuwa Bwera, Mpondwe, wengine ng'ambo ya mpaka, na gari lililetwa na dereva. Ukimpigia mwenye gari kumwambia bushi zimekwisha, aliamini kwamba wewe na dereva mmekaa mkapanga kumla pesa. Jovia akanunua simu moja ya gereji, akasema kuanzia leo kila gari linaloingia shimoni lipigwe video, mwenyewe aone kwa macho yake.

Akanipa mimi ile simu. Sijui kwa nini, labda kwa sababu nilikuwa mzee na nisingeipeleka kwenye kumbi za mpira. Video yangu ya kwanza niliweka kidole mbele ya kamera tangu mwanzo hadi mwisho. Mteja, Mkongo mmoja aliyetaka kununua gari dogo, akanirudishia ujumbe wa sauti: "Fundi, minaona kitu nyekundu tu. Hii motokari inatoka damu?"

Nikajifunza. Haya ndiyo mliyoyaomba, basi yashikeni. Kiwiko kibane ubavuni, toa pumzi kabla ya kubonyeza. Tochi iwe pembeni, isitoke mbele, la sivyo chuma chote kinang'aa na hakuna ufa utakaoonekana. Futa grisi kwanza, kwa kuwa mteja hajui kutofautisha grisi na uvujaji. Anza na namba ya gari. Ukisema kushoto, iwe kushoto kwa dereva aliyekaa. Usipitishe dakika tatu, mtandao wa Bwera hautaibeba. Na mwambie anayekushikia tochi asipumue karibu na simu.

Kwa mwaka mmoja au miwili nilifurahia kazi kuliko wakati wowote. Mchungaji mmoja alikuwa amenunua basi dogo la kwaya, nikamwonyesha fremu iliyokatika ikaungwa na kupakwa rangi juu. Kesho yake akajibu, "Fundi, tumeshaliombea." Nikamwandikia kwamba ni vizuri, na sasa lichomelewe upya. Akalileta. Watu walianza kutuamini. Wengine walionyeshana video zangu kwenye foleni ya forodha.

Jambo jingine lilibadilika na sikulitilia maanani. Tuliacha kuongea. Zamani nilizungumza na mtu hadi aelewe, hata kama ni kugombana. Sasa nilituma, na zile alama mbili za kwamba ujumbe umefunguliwa zikigeuka buluu nilinawa mikono. Nimesema, ameona, imekwisha. Jovia alikuwa na usemi wake: video ni shahidi wetu. Nami nikawa naitengeneza kama shahidi wangu, wala si kama habari ya mwenye gari.

Mteja wetu mmoja, Hajji, nilimpenda. Mwaka ule ninaousimulia alikuwa na malori manne Bwera, yakibeba chumvi kutoka Kabatoro hadi mpakani, na msimu wa kahawa yakipanda Kyondo, mlimani. Alikuwa mtu wa salamu ndefu, aliyeuliza hali ya magoti yangu yote mawili, moja baada ya jingine. Kwa madereva alikuwa mgumu kidogo. Alishawahi kumwachisha mmoja kazi kwa sababu kila safari ya Kyondo ilipofika, breki zake ziliugua. Tangu hapo dereva wa Hajji akitaja breki alionekana anaukimbia mlima.

Masereka alimwendeshea kwa miaka tisa. Alizaliwa huko huko Kyondo, kona zote alizijua. Alikuwa na taulo shingoni wakati wote na mayai ya kuchemsha kwenye dashibodi, na hakuogopa kitu ila kuonekana mwoga. Asubuhi moja ya msimu wa kahawa alileta lori kwa ukaguzi. Alisema linavuta upande mmoja likishikwa breki. Tukashuka shimoni, mimi na simu na nyundo, yeye na tochi.

Nilipiga video kama kawaida. Nikasoma namba. Nikamsalimia Hajji kwa salamu ya dini yake, ingawa mimi ni Mkristo, maana haikunigharimu kitu. Nikamwonyesha injini, oili safi, mikanda mizima, springi mpya alizoweka mwenyewe. Nikamwambia, "Hajji, hii injini bado kijana." Nilizunguka taratibu, nikafika nyuma. Nikagonga ngoma ya kulia, ikalia. Nikagonga ya kushoto.

"Makanika, hiyo inalia vibaya," Masereka akasema. Sauti yake imo ndani ya video.

"Imepasuka," nikasema. "Ona ufa huu. Hajji, hii gari isipande mlima kabla ya kubadilisha ngoma."

"Sema kwa nguvu asikie," akasema Masereka. "Mimi nikisema, anasema naogopa mulima."

Nikarudia kwa nguvu. Kisha nikazima na kutuma. Ilikuwa dakika mbili na sekunde arobaini, na ule ufa ulianza kuonekana kwenye dakika ya pili. Tulipanda juu. Nilikuwa bado nakunja kitambaa cha tochi wakati alama zilipogeuka buluu, na sijamaliza kukikunja jibu la Hajji likaingia. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na kelele za watu wa mpakani.

"Fundi, asalaam aleikum. Nimeona kazi. Injini iko muzuri, Mungu akubariki. Ambia dereva apande Kyondo, kahawa ya watu inangoja."

Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la pili anaifanya. Hakuna mtu anayetazama video ya karibu dakika tatu kwa dakika moja. Nilijua pale pale, nimesimama na kitambaa mkononi, kwamba Hajji alitazama sifa, akaridhika, akafunga simu.

Ningempigia. Mpaka leo nikiamka najiambia kuwa ningempigia, maana muda wa maongezi ulikuwemo. Sikumpigia kwa sababu nilikuwa nimeshasema, na niliyoyasema yamo kwenye simu, na kama angekuja kuuliza baadaye ningemwonyesha. Nilikuwa nimekingwa. Pia posho ilikuwa imeiva na wenzangu walikuwa wameshaanza kula. Naandika hata hilo la posho, kwa kuwa nimeamua kuandika yote.

Masereka alikuja akiwa ananawa mikono. Hajji alikuwa amempigia pia.

"Hajji anasema niende," akasema. "Ameona?"

"Ameona."

"Ameona yote?"

"Nilimtumia yote," nikajibu.

Alisimama kidogo akijipangusa na taulo. "Basi kama ameona na anasema niende, labda haiko mubaya sana. Wewe na yeye munajua." Akapanda. Funguo zilikuwa kwenye msumari, hatua mbili kutoka niliposimama. Alizichukua mwenyewe.

Alipanda Kyondo salama. Kesho yake akateremka na kahawa, na juu ya magunia walikuwa wamekaa wanawake wawili wa Munkunyu, waliokuwa wamepeleka mahindi kuuza wakaomba kurudishwa. Ngoma ilimaliza kupasuka kwenye mteremko. Lori lilikosa kona na kuanguka bondeni. Walikufa wote watatu.

Huko bondeni watu waliofika kwanza walisikia harufu ya pombe ya waragi kwenye kebini. Ilikuwa jerikani ya mtu aliyekuwa akiituma Bwera, imepasuka. Lakini harufu ilitangulia kufika vijijini kabla ya jerikani. Afande aliyekuja aliandika mwendo wa kasi, na simlaumu, kwa sababu hakuna aliyemwambia aangalie ngoma ya nyuma kushoto. Aliyeijua alikuwa gereji, anaangalia simu.

"Ulimtumia Hajji video?" Jovia aliniuliza.

"Nilimtumia."

"Ulimwonyesha?"

"Nilimwonyesha."

"Basi sisi tuko salama," akasema, na kweli alishusha pumzi. Alikuwa msichana mzuri na aliogopa kupoteza gereji ya baba yake.

Siku chache baada ya maziko tulikwenda Munkunyu, mimi na Jovia, kutoa pole. Mmoja wa wale wanawake aliitwa Kabugho. Baba yake, Mzee Mbusa, alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba uani, masikio yake yameshaanza kuziba, na kila kilichosemwa ilibidi mtu ainame amrudie. Tulikuta watu wengi. Hajji akaja baadaye na wazee wawili wa msikiti wake. Alikuwa amekonda kwa siku hizo chache. Ndugu mmoja wa marehemu akasimama, akamuuliza mbele ya wote kama lori lake lilikuwa bovu.

Hajji hakukasirika. Alitoa simu. "Mimi siwezi kutuma watu mu gari mubovu," akasema. "Sikieni makanika mwenyewe."

Nikajisikia nikizungumza. Sauti yangu ilitoka pale uani, ikisoma namba, ikisalimia, ikisifu oili na mikanda. Ikasema hii injini bado kijana. Hajji akaizima hapo. Naapa alikuwa anaamini. Hakuwa anaficha kitu, alidhani hiyo ndiyo video.

Kijana mmoja akainama kwenye sikio la Mzee Mbusa, akamwambia kwa sauti iliyosikika hadi barabarani kwamba makanika amesema gari lilikuwa zima, ni dereva. Mzee akatikisa kichwa polepole.

"Na makanika ni huyu hapa," Hajji akasema akinionyesha. "Si ni sauti yako, fundi?"

Watu wote walinigeukia. Nilikuwa kwenye benchi, kofia iko magotini. Ilinitosha kusema neno moja, iendelee. Hajji angeibonyeza, na dakika moja baadaye Masereka angesikika akiomba niseme kwa nguvu. Nikawaza aibu ya Hajji mbele ya wafiwa. Nikamwaza Jovia. Huo ndio uongo niliojipa wakati ule. Kweli yenyewe ni kwamba niliogopa mtu mmoja atauliza, kama ulijua, mbona ulimwacha aondoke?

"Ni sauti yangu," nikasema.

Jovia alikuwa ameweka utaratibu kwamba kila Ijumaa tufute video za zamani, maana simu ilijaa upesi. Ya wiki ile haikuwa ya zamani. Ijumaa ile niliifuta ya kwanza, kabla ya nyingine zote. Kidole kilikuwa kimetulia kabisa.

Hadithi ikashika. Masereka alikunywa, Masereka alikimbiza gari, Masereka aliwaua watoto wa watu. Mama yake Masereka aliacha kwenda kwenye soko ambako watu wa Munkunyu huuza mahindi. Jina la mtu aliyelala kaburini likawa linatumika kuonya madereva wapya, na mara moja lilitajwa hata ndani ya gereji yetu, na mafundi wakacheka, nami nilikuwa nimeinama kwenye injini.

Miezi miwili hivi baadaye mke wake, Masika, alikuja gereji. Alitoka Kyondo mapema, viatu vina vumbi jekundu. Alisalimia kila fundi kwa mkono, akanifikia mimi wa mwisho.

"Mzee Thembo," akasema, "nasikia ulipiga video ya lori, na Masereka iko ndani. Nilikuja kuona kama ungali nayo."

"Mama, hizo video tunafuta kila Ijumaa."

"Yote?"

"Yote."

Aliniangalia usoni. Nilidhani anataka kulia, nikamtafutia kigoda, akakataa. "Na unakumbuka mulisema nini mule?" akauliza.

"Magari ni mengi, mama," nikasema.

"Sawa," akasema. Akaomba maji, akanywa, akarudisha kikombe mahali alipokikuta na kwenda zake. Nilijiambia kwamba sasa yamekwisha.

Niliendelea kupiga video kwa miaka minne. Zilikuwa nzuri, mnazo nyingine hapo mnazofundishia. Nilibadilisha utaratibu, nikawa naanza na ubovu kabla hata ya salamu, na wateja wengine wakalalamika kwamba mzee amekuwa hana adabu. Nilikuwa napiga simu kila baada ya kutuma. Jovia alidhani ni uzee. Hakuna niliyemweleza sababu, na hao wateja hawakunirudishia Masereka.

Wiki ya pili baada ya kustaafu nilipanda bodaboda hadi Kyondo. Sikuwa na la kufanya tena asubuhi, na mtu asiye na la kufanya hana pa kujificha. Nilimkuta Masika anaanua kahawa. Alinipa kiti na chai. Sikugusa chai. Nilimwambia yote kama nilivyowaandikia hapa, ule ufa, maneno ya Masereka, jibu la Hajji lililowahi mno, benchi la Munkunyu, na Ijumaa. Nilimwambia kwamba siku aliyokuja gereji nilimdanganya, nilikuwa nakumbuka kila neno.

Hakulia wala hakushangaa. Aliingia ndani, akatoka na simu ndogo iliyofungwa kwa mpira, akaibonyeza. Nikamsikia Masereka. Makanika, hiyo inalia vibaya.

"Hajji aliileta," akasema. "Ilikuwa kitu kama siku makumi ine baada ya kuzika. Alikuja yeye moja, hata kofia hakuvaa. Aliniambia, mama, mimi sikuonaka mupaka mwisho, ona wewe. Aliweka hapa mu magoti yangu, akalia kama mutoto."

"Ilikuwa lini?" nikauliza. "Kabla hujaja gereji au baada?"

"Kabla. Siku nilikuja kwako, ilikuwa mu mufuko."

Akaendelea kuanua kahawa huku akinieleza, bila ukali, kama mtu anayemweleza mgeni njia. Alipopata ile video aliipeleka Munkunyu peke yake. Waliisikiliza hadi mwisho. Mama yake Kabugho alitaka kuamini. Lakini wanaume walisema sauti inaweza kurekodiwa hata jana, na Hajji ana uwezo wa kutengeneza chochote. Wakamwambia amlete makanika mwenyewe, mdomo wake, aseme ni siku gani na kwa nini alinyamaza. Akilifanya hilo, watalisafisha jina la Masereka mbele ya watu, kama walivyolipaka matope mbele ya watu.

"Kwa nini hukuniambia uko nayo?" nikamuuliza.

"Nilitaka kwanza nione kama uko mutu wa kwenda naye," akasema.

Chai ilikuwa imeshapoa. Nikamuuliza kama bado kuna wanaosubiri. Akasema mama yake Kabugho alizikwa mwaka uliopita. Mama yake Masereka alikuwa ametangulia miezi kadhaa kabla yake. Yule ndugu aliyeuliza swali amehamia mbali. Amebaki Mzee Mbusa, na sasa hasikii karibu kitu.

"Twende kesho," nikasema.

"Kesho ni soko. Twende kesho kutwa."

Tulikwenda. Tulimkuta uani, mahindi yameanikwa pande zote. Nilisalimia kwa kumshika mkono na sikuuliza habari za mahindi. Nikaanza kumwambia kwa sauti ya kawaida, akaweka kiganja nyuma ya sikio na kutikisa kichwa kwamba hapati kitu. Masika alikuwa amesimama kando, hakujaribu kunisaidia. Basi nikalazimika kupaza sauti. Nilisema kwamba ngoma ya breki ilikuwa imepasuka, Masereka hakuwa amelewa, Masereka aliona, alisema, aliomba mwenye gari aambiwe, na mimi ndimi niliyenyamaza. Nilikuwa napiga kelele kama muuza samaki. Wanawake wa nyumba ya pili wakaja kwenye ua wa mianzi. Watu wawili waliokuwa wakipita na baiskeli walisimama.

Mzee Mbusa aliniangalia mdomo muda wote. Nilipomaliza aliuliza, "Wewe ulijua lini?"

"Siku ile, kabla hajaondoka," nikapaza sauti.

Akamuuliza Masika jambo kwa Lhukonzo, lugha ya kwetu, chini chini, naye akamjibu chini chini vile vile, na nikaona kwamba alimsikia. Kisha akawatazama wale waliokusanyika uani, akanigeukia, akaweka tena kiganja nyuma ya sikio.

"Sema tena," akaniambia.